Kibao cha "Mbwa Kali" Hakimwondolei Mwenye Mbwa Lawama

Kwa miaka mingi sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekuwa tukikicheka kile kibao kinachobandikwa kwenye malango ya mitaa ya wenye nazo kote nchini: MBWA KALI. Tunakicheka kwa sababu mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na upatanisho wa kisarufi unadai awe mbwa mkali, si mbwa kali kana kwamba anayezungumziwa ni pilipili au dawa ya mbu. Katika mhadhara mmoja wa mwaka wa kwanza kibao hicho kilitolewa kama mfano wa makosa yaliyozoeleka hadi yakaonekana kuwa sahihi, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliwahi kukisoma nikiwa nimeushika mguu unaovuja damu, na tangu siku hiyo kosa linalonikera katika maneno hayo mawili si la sarufi.

Mwaka 2022, nikisubiri kuitwa chuoni baada ya mtihani wa kidato cha nne, nilikuwa nikimsaidia shangazi yangu kuwapelekea wateja maziwa katika mtaa mmoja wa mji wa Eldoret. Asubuhi moja nililikuta lango la mteja wetu limeachwa wazi kiasi cha mtu kupenya. Kabla sijabisha, mbwa mkubwa wa aina ya German Shepherd alichomoka mbio akaniuma kwenye shavu la mguu, wala hakuniachilia hadi bawabu alipomvuta kwa ukanda wa shingoni. Mwenye nyumba alitoka na kikombe cha chai mkononi. Akautazama mguu, akautazama mtungi uliopinduka, kisha akaniuliza:

"Kijana, hukukiona kibao?"

"Nilikiona, mzee," nikamjibu.

"Basi."

Neno hilo "basi" ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Alinipa noti ya shilingi mia mbili "ya dawa", akarudi ndani. Muuguzi wa zahanati aliliosha jeraha kwa maji na sabuni kwa muda wa robo saa, nami nikadhani ananichelewesha. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba hiyo ndiyo huduma ya kwanza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kila aliyeumwa na mbwa. Chanjo haikuwapo. Nilitumwa kwanza nikaulize kama mbwa amechanjwa. Nikaambiwa kadi haionekani. Shangazi akaenda kumsihi mwenye nyumba amfungie mbwa huyo siku kumi ili achunguzwe, kwa kuwa mbwa aliyekuwa tayari anaambukiza kichaa siku alipouma hudhihirisha dalili au hufa ndani ya muda huo. Siku ya nne tukaambiwa mbwa amepelekwa shambani, mbali. Hivyo nikalazimika kudungwa sindano zote tano katika muda wa mwezi mmoja, na gharama yake ikameza faida ya maziwa ya miezi miwili.

Sasa na tukitafakari kibao chenyewe. Aliyekitundika amekiri mambo mawili: kwamba ana mbwa, na kwamba anamjua mbwa huyo kuwa ni hatari. Anakusudia kiwe kinga yake. Kwa maoni yangu kinapaswa kuwa ushahidi dhidi yake. Katika sheria ya madai tuliyoirithi kwa Waingereza, mojawapo ya maswali ya kale kabisa anayoulizwa mwenye mnyama aliyemdhuru mtu ni hili: je, alizijua tabia zake? Mwenye kibao amekwisha kulijibu swali hilo kwa rangi nyekundu, tena hadharani. Sheria ya jinai nayo haikunyamaza. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinamweka katika kapu moja na dereva mzembe mtu yeyote ambaye, kwa uzembe unaohatarisha maisha, hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Hakuna mahali kinaposema kuwa tahadhari hiyo ni kumwonya mpita njia. Mchukuzi wa maziwa, msoma mita, muuza mboga, mtoto anayefuata mpira wake: hao wote wanatakiwa wajihadhari, ilhali mwenye mbwa anatakiwa tu awe na brashi na rangi.

Fauka ya hayo, wapo wasiojua kusoma. Na watoto wengi wa umri wa kuumwa hawajafika darasa la kukisoma kibao hicho, wawe wamekiandika kwa sarufi sanifu au la.

Nijuavyo mimi, mjadala huu unapozuka aghalabu huelekezwa kwenye koo za mbwa. Watu hutaja Rottweiler, Pit Bull na Boerboel kama kwamba ni majina ya majambazi, na hutaka serikali iwapige marufuku. Uingereza ilifanya hivyo. Sheria yake ya mwaka 1991 ilizitaja aina nne: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Miaka zaidi ya thelathini baadaye watu walikuwa wakiuawa na mbwa wa aina ya XL Bully, ambao hawakuwamo katika orodha hiyo, nao wakaongezwa: kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 kuwauza na kuwazalisha kukawa ni kosa, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kumfuga mmoja wao bila cheti maalumu kukawa ni kosa vilevile katika Uingereza na Wales. Uholanzi kwa upande wake iliifuta marufuku yake ya Pit Bull mwaka 2008. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba orodha huwa nyuma ya wafugaji kila mara. Ukikataza aina moja, mtu anayetaka kuogofya majirani atatafuta nyingine.

Sisemi kwamba ukoo si kitu. Huo nao ungekuwa uongo. Mbwa mwenye uzito wa kilo hamsini akiuma, hasara yake si sawa na ya kijibwa cha mapajani, na anayenunua mbwa wa namna hiyo amejitwika mzigo mzito zaidi, sawa na anayeendesha lori kuliko mwenye baiskeli. Lakini mbwa wa aina ile ile iliyoniuma huongoza vipofu katika nchi nyingine na hutumikia polisi bila kumrarua kila apitaye. Wahenga walisema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Waliutazama mkono ulioishika kamba.

Na hebu tuutazame mkono huo katika mitaa yetu. Mtoto wa mbwa hujifunza kuwazoea watu na mambo ya dunia hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya umri wake. Kwetu sisi kipindi hicho hupitia ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Watu huamini kwamba mbwa akionana na wageni atawapenda wezi. Kwa hivyo hufungiwa mchana kutwa, hutupiwa makombo, hupigwa anapobweka wakati usiofaa, kisha usiku hufunguliwa uani. Hajawahi kutembezwa hata hatua mia moja nje ya lango. Siku lango litakapoachwa wazi, kila anayemwona ni kitu kipya cha kutisha, naye ana silaha moja tu. Tukimwita mkali, tunamwita kwa jina la kazi tuliyoifanya sisi.

Kuna wanaoumwa ambao hata hawaanzii nje ya lango. Yaya, mkata nyasi na bawabu mwenyewe huishi na mbwa ambaye hawakumchagua, hawawezi kumkataa, na aghalabu ndio wanaomlisha. Wakiumwa husemwa kwamba walimchokoza. Waingereza waligundua pengo hili katika sheria yao, wakaipanua mwaka 2014 ili kosa la kuwa na mbwa asiyedhibitiwa lihusu hata ndani ya ua wa mtu, huku wakimlinda mwenye nyumba aliyevamiwa. Hilo, kuliko orodha ya koo, ndilo jambo ambalo ningependa wabunge wetu waliige.

Msomaji atanikatiza hapa kwa hoja ya usalama. Ataniambia kwamba polisi huchelewa, kwamba ua wa michongoma haumzuii mwizi, na kwamba mbwa ndiye mlinzi anayeweza kumudu. Hoja hiyo naiheshimu. Mimi mwenyewe nimekulia katika boma lenye mbwa wawili, na usiku mmoja kubweka kwao kulituokolea ng'ombe. Lakini kilichotuokoa ni kubweka. Mbwa anayetoa taarifa na mbwa anayeua ni watumishi wawili tofauti, na anayemhitaji wa kwanza hana haja ya kumtengeneza wa pili. Isitoshe, mwizi huja akiwa amejitayarisha, pengine na nyama yenye sumu. Mwenye maziwa huja na maziwa.

Ubaya wa meno si jeraha pekee. Kichaa cha mbwa kimo nchini mwetu tangu zamani za ukoloni, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, kifo ni kama hakina budi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao barani Afrika na Asia, na kwamba karibu asilimia 40 ya waathiriwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa ndio wanaosababisha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Dawa ya jambo hili inajulikana: wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kenya ilijiwekea mkakati wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo hivi, na tumesaliwa na muda mfupi. Tunapenda kuwalaumu mbwa koko. Ukweli ni kwamba mbwa wengi wanaorandaranda vijijini na mijini wana wenyewe. Huitwa koko wanapouma tu, na wakishika mwizi huwa wana jina na baba.

Ninachokitaka si kikubwa. Kaunti zimsajili kila mbwa na mwenyewe, na kadi ya chanjo iwe kitu cha kuonyeshwa papo hapo, si cha kutafutwa kwenye droo wakati mtu anavuja damu. Mbwa akimuuma mtu, mwenyewe alipe gharama yote ya matibabu bila kusubiri kushtakiwa, na amzuie mbwa huyo siku kumi. Akimficha, hilo liwe kosa lake la pili. Lango la mwenye mbwa mkubwa liwe na kengele nje, na mbwa awe na ua wake mbali na njia ya mlangoni. Mambo haya yanagharimu pesa, najua. Asiyeweza kuyagharimia na afuge kuku.

Kuhusu kibao, wenzangu wa chama wamependekeza tuanzishe kampeni ya kukisahihisha kiwe MBWA MKALI. Sina pingamizi. Naomba tu kwamba tukifika kwenye malango hayo na rangi yetu, tumuulize mwenye nyumba pia ilipo kadi ya chanjo.

Shangazi yangu angali anauza maziwa. Nyumba ile haiingii tena. Humtaka yaya aje na sufuria hadi barabarani, na nasikia mwenye nyumba hulalamika kwamba siku hizi maziwa humfikia yamechelewa.