Kuku wa Singida na Aliwe Singida Pia

Mtu wa kwetu akifika Dar es Salaam na kusema kwamba ametoka Singida, mara nyingi haulizwi habari za mvua wala za masomo. Huulizwa, "Kuku umetuletea?" Sifa hii ni njema, nami najivunia. Mjini kwetu hukutana barabara za Dodoma, Mwanza na Arusha, na basi lisimamapo, vijana hulizunguka wakiwa na kuku, vitunguu na madumu ya mafuta ya alizeti. Abiria hununua vyote vitatu, basi huondoka, na jioni ya pili yake vitu hivyo hukutana katika sufuria ya mji wa mbali na kuwa mlo mtamu.

Swali langu kwa wasomaji wa gazeti hili ni moja. Mbona vitu hivyo havikutani katika sufuria zetu?

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, maana sipendi kusema ya jirani. Mwaka jana mama alikuwa na kuku 14. Watano waliuzwa ili mimi nipate daftari, viatu na nauli ya kurudi shuleni. Sita walikufa kwa mdondo katika juma moja la kiangazi. Mmoja alichinjwa mjomba alipokuja kututembelea. Wakabaki wawili. Siku zote nyingine tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, nami sisemi kwamba mlenda ni chakula kibaya. Nimekua kwa mlenda. Lakini mlenda peke yake, siku baada ya siku, hautoshi kumjenga mtoto.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku ile ya mjomba niliyaona maana ya maneno hayo, na pia nikaona kwamba si wenyeji wote waliopona. Firigisi ilikuwa ya baba. Mapaja yalikwenda kwa baba na kwa mgeni. Mimi, kwa kuwa ni msomi wa nyumba, nilipewa kipande cha kidari. Mama na dada walipata shingo na miguu. Mdogo wetu wa kike, mwenye miaka 5, alichovya tonge katika mchuzi mwepesi kama maji, akalamba vidole. Hakulalamika. Jambo hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hata kulalamika hakujui.

Haya si ya Singida tu. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki zamani palikuwa na miiko ya namna hii. Kule Buganda mwanamke alimpika kuku kwa ufundi mkubwa, lakini kumla ilikuwa mwiko kwake. Mwiko wa maneno umekwisha mahali pengi, ila mwiko wa sahani ungalipo. Uchunguzi wa afya wa taifa letu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 hivi wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, na kuku mmoja hawezi kuziondoa zote. Lakini hapana budi tuanze mahali, nasi kuku tunao uani.

Basi katika likizo iliyofuata nilimwomba mama aniruhusu kumpika mtetea mmoja mzee aliyekwisha kuacha kutaga. Mama alicheka, akasema, "Mwanangu, kwani mimi nimekufa?" Nikamjibu kwamba sikutaka kumwondoa jikoni, nilitaka kumwonyesha jambo tulilojifunza darasani. Akanipisha, lakini hakwenda mbali.

Namna nilivyofanya ni hii, nami naieleza ili yeyote aweze kuijaribu. Nilimkata kuku vipande vidogo 18, kusudi kila mmoja wa watu 9 wa nyumba yetu apate viwili. Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu, wala hapikwi haraka kama kuku wa kisasa. Nilimchemsha kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu juu ya moto mdogo, muda wa saa moja na nusu, na supu yake nikaiweka kando. Wengi huimwaga au huinywa mpishi peke yake, na hayo ni makosa, kwa maana ladha ya kuku imo humo.

Kisha niliteleka kikaango kipana, nikatia vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, nikakaanga vipande mpaka vikawa vya rangi ya kahawia, nikavitoa. Katika mafuta yale yale nilikaanga vitunguu vitatu, halafu nikatia binzari na pilipili manga kidogo, nikakoroga mpaka harufu ikatoka nje. Hapo jirani alichungulia. Zikafuata nyanya nne, na ziliporojeka nikatia karoti na vipande vya boga, pamoja na vikombe viwili vya ile supu, nikafunika. Mboga zilipolainika nilirudisha kuku, nikatia mchicha uliokatwa. Mchicha huiva upesi, kwa hiyo hutiwa mwisho.

Sasa nakuja kwenye siri ya mlo huu. Tulikuwa na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa tangu asubuhi na kupoa, na juu yake palikuwa na malai mazito. Niliyaengua kikombe kimoja, nikayachanganya kwanza na mchuzi wa uvuguvugu, kijiko kwa kijiko, kisha nikayamimina kikaangoni baada ya kupunguza moto. Ukiyamimina yote mara moja katika mchuzi unaotokota wenye nyanya, hukatika kwa sababu ya ukali wa nyanya na moto. Ukienda polepole, mchuzi huwa mzito na laini, nao hushika tonge vizuri. Asiye na ng'ombe atumie karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Nazo huuzidisha uzito na kuongeza nguvu ya chakula.

Mafuta yale na malai yale si anasa. Karoti, boga na mchicha vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Lakini mwili hukipokea vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta. Kwa hiyo mboga, mafuta na nyama hufanya kazi pamoja, na kuku mmoja ambaye siku ya mjomba hakuwatosha watu, siku hiyo aliwatosha wote 9.

Tulipoketi, mdogo wangu aliitazama sahani yake, akatazama mlangoni, akauliza, "Leo mgeni ni nani?" Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Ni wewe." Baba hakusema neno, lakini aliikata firigisi vipande viwili akampa mtoto kimoja.

Najua maneno yangu yatapingwa. Wako watakaosema, "Kuku ni benki ya maskini. Ukimla, utalipa daftari kwa nini?" Neno hili ni zito, nami nisingependa kulidharau, kwa kuwa mimi mwenyewe nasoma kwa kuku. Sisemi tuache kuuza. Nasema tuhesabu vizuri. Nyumbani kwetu tulikula mmoja, tukauza watano, na mdondo ukachukua sita. Basi ni nani aliyetufilisi? Si mtoto aliyekula, ni ugonjwa. Nao mdondo una chanjo, hutengenezwa hapa hapa nchini, kule Kibaha. Ni tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haiponyi kuku aliyekwisha kuugua, sharti itangulie ugonjwa. Majirani wakichangia chupa moja, gharama kwa kila kuku huwa ndogo sana. Tungaliwachanja kuku wetu kwa wakati, tungaliweza kula mmoja kila mwezi kwa miezi sita kwa hao sita waliotupwa shimoni.

Wako tena watakaosema kwamba mwanamume hapiki. Hao nawaomba waende stendi jioni watazame ni nani wanaochoma kuku. Ni vijana wa kiume, tena hodari. Ajabu ni kwamba mkono ule ule unaogeuza nyama motoni mbele ya abiria huwa mgonjwa unapofika jikoni kwa mama yake. Ikiwa kupika kwa ajili ya fedha ni kazi ya heshima, basi kupika kwa ajili ya ndugu zako hakuwezi kuwa aibu.

Wengine nao watasema kuwa binzari na malai ni mapishi ya pwani na ya wageni, si yetu. Ndugu zangu, asili ya alizeti tunayojivunia ni Marekani ya Kaskazini. Nyanya na pilipili vilitoka Marekani vilevile. Hata kuku mwenyewe, babu zake walifugwa kwanza katika Asia ya Kusini-Mashariki. Hakuna aliyemkataa kuku kwa ugeni wake. Chakula huwa chetu kwa kukilima, kukifuga na kukipika.

Sasa nina maneno mawili kwa shule yetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe pia na shamba lake, na wanafunzi wajifunze kwa kazi. Sisi twalima bustani, lakini mazao yake huingia jikoni bila sisi kujua yanavyopikwa. Naomba wavulana na wasichana tupeane zamu jikoni pamoja na wapishi, ili kila mtu amalizapo Kidato cha Nne ajue kupika walau mlo mmoja kamili. Pili, naomba tuwe na banda la kuku. Sitaki kuwadanganya wenzangu kwamba tutakula kuku kila Jumamosi. Kwa hesabu ya kuku mmoja kwa watu 9, shule yenye wanafunzi 450 yahitaji kuku 50 kwa mlo mmoja. Lakini mara moja mwishoni mwa muhula yawezekana, na katikati tutapata mayai, mbolea ya bustani, na mazoezi ya kuchanja ambayo tutayapeleka vijijini. Mashudu ya alizeti, ambayo ni chakula kizuri cha kuchanganyia, hayako mbali nasi.

Na kwa wenzangu wanaojiandaa kwenda likizo, naomba kila mmoja afanye mambo mawili. Kwanza, awaulize wazazi kama kuku wamechanjwa. Pili, achague siku moja isiyokuwa na mgeni, apike kuku mmoja kwa mboga za nyumbani, na agawe kwa haki akianza na mdogo kuliko wote.

Abiria wa Dar es Salaam wataendelea kupata kuku wao, nasi tutaendelea kupata fedha yao. Lakini itakuwa ni aibu kwetu sifa ya kuku wa Singida ikijulikana nchi nzima, na mtoto wa Singida akaijua kwa kusikia tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu