Wageni wa Darini

Mwezi huu tumeletewa swali na mama mmoja wa Segerea, Dar es Salaam. Nyuki wameingia darini mwake, na vijana wa mtaa wamejitolea kupanda usiku kwa petroli na kiberiti. Je, awaruhusu? Tulimjibu siku ile ile asiwaruhusu, nasi twapenda kueleza sababu, kwani nyumba yenye swali hili si moja.

Watu wa mjini humdhani nyuki kuwa mdudu wa porini aliyepotea njia. Segerea ilikuwa mashamba na vichaka kabla ya kuwa mtaa. Aliyekuja nyuma ni mwenye nyumba. Na si mbali na hapo hupita reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Tabora mwaka 1912. Reli hiyo ilishusha nta. Kabla yake nta ya Unyamwezi ilikuja pwani vichwani mwa wapagazi, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, ikapakiwa melini kwenda Ulaya kufanywa mishumaa na dawa ya kung'arishia viatu. Kwa nta watu wengi wa bara walipata rupia za kulipia kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898.

Mizinga yao ilikuwa magogo yaliyochongwa ndani, au magome ya miti. (Na tuseme kweli: mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa, nao walibandua mingi.) Waliitundika juu mitini, mbali na vijiji. Mrina alipanda usiku na kijinga cha moshi. Asali ikaliwa, na nyingine, tusifiche, ikapikiwa pombe. Masega yakachemshwa kwa maji, yakakamuliwa katika nguo, nta ikaelea na kuganda. Mzinga ulikuwa na alama ya mwenyewe, na hata ukiwa peke yake katikati ya pori, kuurina wa mwenzio kulihesabiwa wizi. Aliyezidisha moto aliua nyuki, akajikosesha asali ya mwaka wa pili. Basi watu wale, waliohitaji fedha kuliko sisi, walijifunza kutumia moshi zaidi ya moto.

Sisi Waislamu tuna sababu zaidi. Katika Suratun-Nahl, sura ya 16, aya ya 68, twaelezwa kwamba nyuki alifunuliwa na Mola wake afanye makao milimani, mitini, na katika yale wanayoyajenga watu. Dari la mama yetu ni katika hayo ya tatu. Tena imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuawa kwa nyuki, na alikataza kuadhibu kwa moto.

Hatusemi mtu alaze watoto chini ya nyuki. Madhara huondoshwa, ila kwa njia yake. Kundi lililoning'inia tawini kama kifurushi mara nyingi limo safarini. Halina watoto wa kulinda, na baada ya saa chache au siku chache huondoka lenyewe. Liacheni. Lililoingia darini na kujenga masega ni jambo jingine: huitwa mrina, naye huja jua likizama. Kabla ya hapo waondosheni watoto, mfungueni mbuzi aliyefungwa karibu, maana yeye hawezi kukimbia. Msirushe mawe. Aliyeumwa akimbilie ndani na kufunga mlango, kisha aukwangue mwiba upesi, kwani hubaki ukitoa sumu, na harufu yake huwaita nyuki wengine. Aliyeumwa mara nyingi, au anayevimba uso na kupumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kungoja.

Kuhusu petroli, zaidi ya dini yatosha kulitazama dari lenyewe: mbao kavu, nyaya za umeme, na watu wamelala chini yake.

Mama yule alituletea khabari wiki iliyopita. Mrina alikuja na sanduku lake, akafanya kazi mpaka karibu na Isha, akawachukua nyuki. Mwenye nyumba aliachiwa masega mawili. Moja amelipeleka kwa jirani, nyumbani kwa kijana aliyekuwa amekwisha kununua petroli.