Mzigo wa Maradhi Usitupiwe Mkulima

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaodai kuwa Serikali ipunguze matumizi yake katika afya na kuziachia hospitali za binafsi kazi hiyo. Madai hayo yana sura ya hekima tu. Mzigo wa maradhi haupungui kwa kuondolewa Hazina. Huhamishiwa mgongoni mwa mgonjwa.

Historia iko wazi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania ilieneza zahanati na vituo vya afya vijijini, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku tiba ya kutafuta faida. Mwaka 1991 mlango huo ulifunguliwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za Serikali. Ni kweli kwamba fedha zilikuwa chache na dawa zilikuwa haba. Lakini dawa ya ukata wa Hazina haiwezi kuwa kuuhamishia ukata huo kwa mkulima.

Watumishi wa Serikali na walimu wana ushahidi mikononi mwao. Asilimia 3 ya mshahara wao, pamoja na asilimia 3 ya mwajiri, huingia katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioundwa kwa sheria ya 1999. Wakiugua, huonyesha kadi. Je, mkulima wa pamba anayeugua Januari, kabla ya mavuno, aonyeshe nini? Na hiyo sehemu ya mwajiri hutoka Hazina, yaani katika kodi ambayo mkulima naye huilipa anaponunua sukari na sabuni. Anachangia kadi ya mwenzake, naye hana yake!

Hospitali ya biashara hufuata fedha. Maradhi hayafuati fedha. Ndiyo maana viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Zaidi ya miaka 20 imepita, na nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, hazitengi kiwango hicho.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeagiza kuwapo mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Mfuko usio na fedha ni jina tu. Hazina iujaze, na wenye kadi wawe wa kwanza kudai hivyo.