Tusiihukumu Kompyuta Kabla ya Kuipima

Jioni moja ya msimu wa vuli, ukungu ulipokuwa umekwisha kulifunika bonde na walimu wamebaki wawili tu ofisini katika shule moja hapa Bungu, umeme uliokuwa umekatika tangu adhuhuri ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka kwa nuru kali kupita desturi yake, na kompyuta ya mezani iliyohifadhi alama za wanafunzi za mwaka mzima ikatoa mlio mfupi kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, ikafuatia harufu ya kuungua, kisha kimya. Nilikuwapo, na fadhaa niliyoiona katika nyuso za walimu wale sijaisahau hata leo. Kesho yake akaletwa fundi, akabonyeza kitufe mara mbili, akainamisha sikio asisikie kitu, akatoa hukumu pale pale kwamba mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa na alama zimekwenda nayo, na kwamba heri shule itafute fedha inunue kompyuta nyingine. Boksi likapelekwa stoo, likapandishwa juu ya mengine mawili yaliyohukumiwa vivyo hivyo zamani, yakingoja siku ya kuuzwa kwa kilo pamoja na mabati mabovu.

Nasema hukumu ile haikuwa ya haki, wala si ya fundi yule peke yake, maana katika milima hii yote tumezoea kuhesabu kwamba chombo kisichowaka ni chombo kilichokwisha, ilhali mara nyingi kilichokwisha ni kiungo kimoja chenye bei ndogo kuliko vyote vilivyomo. Lile boksi ambalo aghalabu tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kipande kidogo kilichofichika ndani, lina kijisanduku cha bati chenye feni yake, nacho ndicho pawa saplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani, ambao kwa kanuni ya nchi yetu ni volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mpole wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, ambao viungo vingine vyaweza kuustahimili. Kwa kuwa hicho ndicho kinachosimama mlangoni, ndicho kinachopigwa kwanza umeme ukija kwa hasira. Na hiyo ndiyo fadhila yake, kwamba mara nyingi hufa chenyewe kikaviacha vya ndani salama. Alama za wanafunzi hazikai humo hata kidogo. Hukaa katika hadidiski, ambayo ni kitu mbali.

Bungu yetu, ingawa kwa serikali imo katika Wilaya ya Korogwe, ni ndugu wa Lushoto kwa milima, kwa baridi na kwa lugha ya Kishambaa, na ndugu zetu wa huko wanaijua hasira hii ya umeme ninayoisema. Maji ya mto Luengera hushuka yakaungana na Pangani, na Pangani ndio unaozungusha mitambo ya Hale, iliyofunguliwa mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21, na ile ya New Pangani Falls ya mwaka 1995 yenye megawati 68. Lakini umeme huo ukishapanda tena kutujia, nyaya zake hupita katikati ya misitu na juu ya makorongo, ambamo tawi moja lililoangushwa na upepo au radi moja ya masika yatosha kuukata. Na nyakati za jioni, kila nyumba inapowasha taa na pasi kwa pamoja mwishoni mwa laini ndefu, volti huteremka mpaka taa zikawa kama vibatari. Watu hudhani kwamba umeme mdogo hauna madhara. Yaliyopo ni kinyume, maana pawa saplai haikubali kupunguza kazi yake: ikitakiwa kutoa wati 200, hata tukiiachilia hasara ya ndani, kwa volti 230 huvuta takriban ampea 0.87, na kwa volti 160 hulazimika kuvuta 1.25, na ziada hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya kijisanduku ambacho tayari kimejaa vumbi, kutu ya ukungu na mijusi iliyofuata uvuguvugu.

Basi kompyuta isiyowaka hupimwaje? Kwanza kabisa soketi ya ukutani, kwa kuchomeka taa. Halafu waya wenyewe, kwa kuubadilisha na wa kompyuta nyingine iliyo nzima. Halafu swichi ndogo ya nyuma ya boksi, ambayo wafagiaji huizima bila kujua. Katika baadhi ya pawa saplai za zamani mna swichi nyingine nyekundu ya kuchagua baina ya volti 115 na 230, nayo ikielekezwa kwenye 115 katika nchi kama yetu, chombo hulipuka mara tu kinapochomekwa. Nimesikitika kuona kompyuta za msaada kutoka ng'ambo zikiuawa namna hiyo siku ya kwanza, mbele ya wageni na watoto waliovaa sare safi.

Yote hayo yakiwa mema, ndipo wakati wa multimita, yaani kipimio cha umeme. Boksi hufunguliwa likiwa limechomolewa ukutani, mkono wa waya nyingi huchomolewa kutoka kwenye mazabodi, na hapo ndipo mtu anapoona kwamba waliobuni mpango huu, unaoitwa ATX na uliotolewa na Intel mwaka 1995, walitufanyia insafu, kwa kuwa kila rangi ina maana yake: nyeusi ni ya kurudishia umeme, njano ni volti 12, nyekundu ni 5, rangi ya chungwa ni 3.3, na zambarau ni volti 5 ambazo hazina budi kuwapo muda wote chombo kimechomekwa, hata kabla ya kuwashwa. Waya wa kijani ukiunganishwa na mweusi kwa klipu ya karatasi iliyonyoshwa, kisha chombo kikachomekwa, pawa saplai nzima huamka bila ya mazabodi. Lakini feni kuzunguka si ushahidi wa uzima. Nimeona nyingi ambazo feni zake huzunguka kwa furaha ilhali volti 12 zimeshuka hadi 10, na kanuni hairuhusu kushuka chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6, kwa hiyo ni lazima ipewe mzigo kidogo, mathalani hadidiski ya zamani isiyo na kitu cha thamani, ndipo ipimwe. Na ikiwa feni hushtuka mara moja na kusimama, usiilaumu haraka, maana yawezekana inajilinda kwa sababu kiungo kingine kina shoti. Chomoa kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

Jambo moja nalisema kwa nguvu zangu zote: kijisanduku chenyewe asikifungue mtu asiyefundishwa. Ndani yake mna kapasita ambayo huhifadhi umeme wa volti zaidi ya 300, nayo yaweza kuushikilia hata baada ya kuchomolewa ukutani, na umeme huo haujali kwamba wewe ni mwalimu mwema.

Nchi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nyingine, kwa kuona kwamba zinatugharimu kupita faida yake. Marufuku hiyo iliondoka zamani. Hata hivyo, sisi wa milimani tumejiwekea marufuku nyingine pasipo kuitangaza, kwa kupokea mashine bila ya elimu ya kuzitunza, kisha kuzizika stoo moja baada ya moja. Ndiyo maana nawasihi halmashauri na wafadhili wote, kwamba kila wanapoleta kompyuta kumi wazipandishe pamoja na multimita moja, stebilaiza moja ya kusawazisha volti yenye nguvu ya kutosha, na pawa saplai mbili za akiba ambazo si za bandia. Na katika kila shule wachaguliwe walimu wawili wafundishwe kwa siku tatu tu haya niliyoyaeleza.

Mmoja wa walimu wale wawili, wa hisabati, hakuridhika na hukumu ile ya fundi. Alikopa multimita kwa fundi wa redio, akapima waya wa zambarau, akakuta sifuri. Akashuka Korogwe kwa basi la asubuhi, akarudi jioni na pawa saplai iliyotumika, akaifunga kwa skrubu nne. Alama zote zilikuwamo. Juma lililofuata nilimkuta stoo, amechuchumaa kwenye mwanga wa dirisha, akifungua boksi la pili.