Mwenye Kushika Kalamu na Mwenye Kusimamia



Twaomba nafasi kidogo katika gazeti letu hili tuseme neno juu ya jambo ambalo makarani wengi hulitamani, bali wachache hulifikiri kabla ya kulipata: nalo ni kupanda kutoka kazi ya mkono hata kuwa msimamizi wa wenzetu. Kila mwaka wako ndugu wanaopewa vyeo, nasi huwapongeza, na ni haki yao. Lakini miezi haipiti mingi ila twasikia manung'uniko. Wadogo husema, huyu bwana hatuamini. Naye husema, hawa vijana ni wavivu. Sisi twadhani pande zote mbili nia yao ni njema. Lililokosekana ni kujua ya kwamba usimamizi ni ufundi wa pili, wala mtu haupati kwa sababu tu ya kuwa hodari katika ufundi wa kwanza.

Watu wa pwani waijua sana habari hii. Kazi ya baharia ni kuvuta kamba, kupandisha tanga na kukumba maji. Kazi ya nahodha ni kutazama upepo, mawingu na miamba, na kumjua kila mtu aliye chomboni, nguvu zake na udhaifu wake. Nahodha mwema alikuwa baharia kwanza, nalo ni jambo la lazima, kwa maana asiyepata kuvuta kamba hajui uzito wake. Lakini siku atakapoondoka mahali pake akaenda kuvuta kamba mwenyewe, kwa kuwa aijua kuliko mabaharia wake, tanga litapanda upesi kweli, ila hapana mtu anayeangalia mwamba.

Basi tusiwasengenye wengine. Na tuanze na nafsi zetu. Tulipoingia kazini tulipewa daftari la barua zinazoingia na zinazotoka. Kwa miaka kadha wa kadha hatukupoteza jalada hata moja, na hati yetu ilisifiwa. Ndipo tukawekwa juu ya makarani watatu. Siku ya kwanza kijana mmoja alituletea barua aliyoiandika. Tuliona ina makosa manne, tukaichukua, tukaiandika upya wenyewe, naye tukamwambia, "Basi, nenda zako." Tulijiona tumefanya wema, maana barua ilitoka safi na kwa wakati wake. Kesho yake alileta nyingine yenye makosa matano. Hata mwezi wa tatu hakuleta barua tena, bali karatasi yenye jina la mwenye kuandikiwa tu. Yaliyobaki alijua tutayaandika sisi. Usiku, watu wa nyumbani wamelala, sisi tungali tukifanya kazi ya watu wanne, na moyoni tukijivuna ya kuwa pasipo sisi ofisi ile ingekufa.

Nayo kweli ilikufa. Tulishikwa na homa, tukalala siku kumi na moja. Tuliporudi tulikuta barua zimelundikana mezani, na miongoni mwake yalikuwamo maombi ya mjane mmoja aliyekuwa akingojea malipo ya marehemu mumewe. Mama yule alikuwa amekuja mara tatu kwa miguu, na mara zote tatu ameambiwa, "Mwenye kazi hii ni mgonjwa." Tulighadhibika, tukamwuliza yule kijana kwa nini hakuandika. Akajibu kwa adabu, "Bwana, tangu nije hapa sijapata kuandika barua ikatoka kama nilivyoiandika. Nilidhani sina ruhusa." Hatukuwa na neno la kumjibu. Uvivu tuliomlaumu nao tulikuwa tumemfundisha sisi wenyewe, kwa bidii yetu.

Tangu siku ile tulibadili desturi. Barua yenye makosa tuliirudisha kwa mwenyewe, tumetia alama pembeni, wala hatukuandika neno letu mahali pa neno lake. Mwezi wa kwanza kazi ilikwenda polepole, nasi tukalaumiwa na wakubwa wetu. Mtu aliyezoea kusifiwa kwa upesi wake huona uchungu kuitwa mzito. Lakini kabla ya mwaka kwisha yule kijana alituletea barua ambayo hatukuweza kuitia alama hata moja. Na tukiri kweli, furaha yetu ilichanganyika na wivu kidogo.

Wivu huo ndio mzizi wa shauri hili, tena ndio sababu ya kuandika haya. Wako ndugu watakaosema, "Nikimfundisha kijana siri zote za kazi yangu, kesho atakaa katika kiti changu." Twajibu hivi: mtu asiye na wa kushika mahali pake hawezi kupandishwa, maana wakubwa wake huogopa kumwondoa. Kwa kuificha kazi amejifunga mwenyewe kwa kamba aliyoisokota. Wengine watasema, "Kazi yetu ni fedha na haki za watu; kosa la kijana laweza kumdhuru mtu." Hilo ni kweli, wala hatusemi msimamizi aache kukagua. Na akague kila kitu kabla hakijatoka mlangoni. Lakini kukagua ni kuonyesha kosa lilipo na kumwacha aliyelifanya alitengeneze. Kumpokonya mtu kalamu si kukagua.

Je, ufundi huu wa pili karani aujifunze wapi, iwapo hajapewa bado watu wa kuwasimamia? Hapa twawakumbusha ndugu zetu habari za wazee waliotutangulia. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, alikuwa karani mkuu katika ofisi ya serikali ya Tanga. Mwaka 1922, katika mji ule ule, aliwaongoza wenzake kuanzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika. Makarani na walimu, Wakristo na Waislamu, walikutana humo wakasoma magazeti pamoja, wakawa na masomo ya jioni na timu ya mpira. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London, yeye pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira, wakatoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika.

Sisi twaona ya kwamba mtu hafiki mbele ya kamati kama ile kwa wema wa hati yake tu. Ofisini karani alitii na kuandika aliyoambiwa. Chamani ilikuwa mbali: hapana aliyelazimika kumtii mwingine. Mwenye kiti alipotaka watu wanyamaze ilimpasa kuwasikiliza kwanza. Mweka hazina alipotaka ada ilimpasa kuonyesha hesabu. Huko ndiko karani asiye na cheo aliweza kujifunza kusimamia watu kwa ridhaa yao, na usimamizi wa ridhaa ndio wa kweli. Wala si ajabu kwamba ilipoanzishwa African Association huko Dar es Salaam mwaka 1929, makarani na walimu walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Tena tuangalie gharama ya kuchelewa. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, katika nafasi za kazi za juu na za kati serikalini zipatazo 4,452 zilizokuwa na watu, raia walikuwa 1,170 tu, yaani kama robo. Zilizobaki zilishikwa na wageni. Haikuwa kwa kukosa watu wenye akili, bali kwa miaka mingi kazi ya kuamua ilikuwa imewekwa katika mikono ya wachache, na wengine wameachiwa kunakili. Kisha, kwa muda mfupi, watu waliozoea kunakili walitakiwa kuamua. Walioweza waliweza, na heshima yao ni kubwa. Lakini taabu waliyoipata ni funzo kwetu. Tukilaumu serikali ya kikoloni kwa kuwanyima wazee wetu nafasi ya kujifunza usimamizi, nasi katika ofisi zetu twawanyima vijana wetu nafasi ile ile, tutasema nini mbele yao?

Kwa hiyo twatoa mashauri mawili kwa wanachama. La kwanza, kila aliye na mtu chini yake na achague kazi moja aijuayo sana, aipendayo, ambayo husifiwa kwayo, naye amkabidhi kijana mmoja kazi hiyo kabla ya mwisho wa mwaka, na amvumilie makosa yake ya mwanzo. Tumesema aipendayo kwa makusudi, maana kumpa mtu kazi tunayoichukia si kumlea, ni kumtwika. La pili, katika uchaguzi wa kamati yetu ujao, wazee wasikae katika kila kiti. Kijana na aandike kumbukumbu za mkutano, kijana na ashike daftari la ada, na mzee akae ubavuni pake. Hesabu ikikosewa shilingi mbili, tutaitafuta pamoja taa ikiwaka.

Hatusemi haya kama watu waliofika. Hata leo, tukiona sentensi iliyokaa vibaya, mkono wetu huenda kwenye kalamu wenyewe, hatuna budi kuukemea. Lakini twamkumbuka yule mama aliyekuja mara tatu kwa miguu, akarudi mikono mitupu kwa sababu sisi tulikuwa hodari mno.

Wasalaam,
Sisi, karani mwenzenu