BISHOO WA TINDE ABADILISHA SAA YA BABU KWA 'ROLEX' YA STENDI!

Kuna bishoo mmoja pale Tinde, jina kapuni, siku hizi mkono wake wa kushoto una jina kuliko yeye mwenyewe. Kila picha anayotupia lazima 'Rolex' ionekane. Kakaa kwenye gari la mshkaji, Rolex. Anakula chipsi, Rolex. Sasa watu wa nyumbani wametoboa siri: saa hiyo kaipata kwa machinga wa stendi, akampa Seiko 5 ya marehemu babu yake na juu akaongeza elfu ishirini!

Yaani kapigwa, halafu kalipia na gharama za kupigwa.

Mzee aliinunua kwa hela ya pamba, zama ambazo ukiwa na saa mkononi watu wanakusimamisha njiani kukuuliza muda. Baada ya matanga familia ilimpa bwana mdogo kwa sababu moja tu: ndiye aliyerithi jina la mzee. Shangazi mtu alimkabidhi kwa mikono miwili. Haikumaliza hata miezi mitatu.

Utetezi wake ndio kituko. Eti saa ilikuwa "imekufa". Kaitoa kabatini haitembei, kaipeleka kwa fundi simu ibadilishwe betri, na fundi simu naye badala ya kusema hajui, kachokonoa mgongo wa saa kwa bisibisi akitafuta betri. Betri ipi? Seiko 5 zilitoka mwaka 1963, na ni saa za kujijaza zenyewe. Ndani kuna kipande cha chuma kinachoyumba kadiri mkono unavyotembea, ndicho kinachokaza springi. Ukiivua ukaiweka, ndani ya siku mbili hivi inasimama. Hiyo haijafa, imelala. Na nyingi za miaka ya 70 na 80 hata ukizungusha kitufe cha pembeni huijazi. Unaitikisa taratibu, unaivaa, inaamka. Saa ya mzee ilikosa mvaaji tu.

Kuitambua nako hakuhitaji chuo. Kitufe kimejificha usawa wa namba 4, siyo namba 3 kama saa nyingi. Geuza mgongo: kuna tarakimu nne, kistari, halafu nne nyingine. Zile nne za kwanza ndizo zinataja mashine, mfano 7009. Pembeni kuna namba ndefu. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Ikianza na 78, hiyo ni Agosti ya mwaka unaoishia na 7. Kama ni 1977 au 1987, aina ya mashine inasaidia kujua. Dakika mbili, umeshajua saa ya babu yako ilizaliwa lini. Bishoo anakaa dakika arobaini kuchagua filta.

Sasa turudi kwenye hiyo 'Rolex'. Kwenye video zake mshale wa sekunde unaruka tik, tik, tik, kama saa ya ukutani ya sebuleni. Rolex halisi za leo mshale unateleza. Na unajua ni saa gani nyingine mshale wake unateleza? Ile aliyompa machinga!

Tusimwonee peke yake. Yuko muuza sura mwingine Kahama, kachukua saa ya urithi kaipeleka kwa sonara ichovywe dhahabu, na uso wa saa kaupaka rangi mpya ya bluu. Kweli ukanda huu una dhahabu, lakini siyo kila kitu ni cha kuchovya! Wanaozitafuta saa hizi wanataka uso ule ule wa kiwandani, hata kama una madoa. Ukishapaka rangi, umeishusha thamani kwa hela yako mwenyewe.

Matunzo yenyewe wala siyo ya gharama. Ndani kuna mpira wa kuzuia maji ambao ukizeeka unakauka, kwa hiyo maneno ya "water resist" kwenye saa ya umri huo yasikutie kiburi cha kuoga nayo. Usiipulizie pafyumu. Usibadilishe tarehe usiku wa manane, meno ya ndani yanakuwa kazini. Na mpelekee fundi saa, wale wazee wa kioo jichoni, aisafishe na kuitia mafuta mapya.

Wapo watakaosema simu inatosha kuonyesha muda. Sawa, mbona basi bishoo hakuvaa simu mkononi?

Shangazi keshashuka stendi mara mbili kumtafuta yule machinga. Tinde ni njia panda, basi moja linakata kwenda Kahama, jingine linanyoosha Shinyanga na Mwanza, na hakuna anayejua jamaa alipanda lipi. Wakati huo kwenye picha ya juzi 'Rolex' imeanza kubanduka, na mkono wa bishoo una duara la kijani.