Sumaku Haisomi Jina

Dada yangu alinipigia simu Jumapili moja jioni kuniuliza kama shilingi 80,000 ni pesa nyingi kwa gitaa. Nikamuuliza gitaa la nani. Akasema la mtoto. Nikamuuliza pesa za nani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Za chama, kaka. Nishakopa."

Mwanawe ana miaka 17 na hupiga gitaa la solo kanisani. Wiki hiyo, baada ya mazoezi, kiongozi wa kwaya alimwambia mbele ya wenzake kwamba gitaa lake ni toy, kwamba linaaibisha madhabahu, na kwamba kama anataka kuendelea kupiga atafute gitaa lenye jina, la mbao ya mahogany. Kijana akarudi nyumbani, hakula. Mama yake akaenda kukopa.

Naandika haya nikiwa na hasira na sitaificha. Hasira yenyewe si ya kiongozi wa kwaya peke yake. Ni ya uongo mzima tunaouziana kuhusu gitaa la umeme, kutoka dukani hadi jukwaani, na ambao unakula pesa za watu wasio na pesa.

Uongo huo niliununua mwenyewe. Miaka ile nikipiga rithimu katika bendi ya hoteli Pwani, niliweka akiba kwa muda mrefu, nikapanda basi hadi Nairobi na kumwona mtu aliyekuwa na gitaa la sifa. Jina kubwa limeandikwa kichwani kwa herufi za dhahabu. Nikaomba tulichomeke kwenye amplifaya nilisikie. "Buda, hii ni mahogany," akaniambia. "Hii inajipiga yenyewe." Nikalipa. Lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 4, shingo nene kama mpini wa jembe. Saa nne jukwaani kila usiku, begani limening'inia. Mwaka haukuisha kabla kiwiko na kifundo cha mkono wangu wa kushoto havijaanza kuniuma. Niliuza gitaa kwa nusu ya bei. Maumivu hayakuuzika. Asubuhi za baridi bado yananisalimia.

Basi tuulizane polepole: gitaa la umeme linatoa wapi sauti yake?

Chini ya nyuzi kuna pikapu. Si ile ya kubeba kabeji kutoka Kinangop. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya. Umeme huo ndio unaopita kwenye vitasa, kwenye kebo, kwenye amplifaya, hadi spika inapousukuma hewani. Sumaku haina sikio la kusikia mbao. Haisomi jina lililo kichwani. Inachojua ni chuma kinachocheza mbele yake.

Ukitaka ushahidi, rudi kwenye historia. Gitaa la kwanza la umeme kupata soko la maana, mapema miaka ya 1930 huko Marekani, lilitengenezwa na watu wa Rickenbacker, na mwili wake ulikuwa wa aluminiamu. Hata kipande cha mahogany hakikuwemo. Watu waliliita Kikaango kwa umbo lake. Miaka michache baadaye mpigaji Les Paul alichukua nguzo ya mbao ya msonobari, mraba wa inchi 4 kwa 4, akaifunga nyuzi na pikapu. Liliitwa Gogo, na gogo ndilo lilikuwa. Akabandika mabawa ya gitaa la kawaida pembeni ili macho ya watu yatulie. Masikio hayakuwa na shida.

Na Stratocaster, gitaa ambalo umbo lake linaigwa na karibu kila kiwanda cha bei nafuu duniani? Ilitoka mwaka 1954, na kampuni yake ilikuwa ya Leo Fender, fundi wa redio wa California ambaye hakujua kupiga gitaa. Fundi wa redio! Kama yule wa kibanda cha mtaani kwenu. Shingo aliifunga kwa skrubu 4 ili ikiharibika ibadilishwe. Aliliwazia gitaa kama kifaa cha kazi, na sisi tumeligeuza hirizi.

Kuna hata hadithi inayotugusa zaidi. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, aliimba miaka yote katika bendi ya Queen akiwa na mpiga gitaa Brian May. Gitaa la May alianza kulitengeneza mwaka 1963 pamoja na baba yake, nyumbani. Shingo ilitoka kwenye mbao ya zamani ya meko ya kuotea moto. Springi zilitoka kwenye pikipiki kuukuu. Kwenye mkono wa kutetemesha sauti kuna ncha ya sindano ya kufumia ya mama yake. Badala ya plektra hutumia sarafu. Gitaa hilo limejaza viwanja. Kiongozi wetu wa kwaya angelikataa mlangoni.

Najua kuna msomaji ameshanuna. Atasema mbao ina kazi yake. Sikatai, ina kazi. Inaamua uzito, inaamua kama gitaa litakaa sawa begani au kichwa kitainama kuelekea sakafuni. Shingo yenyewe hutetemeka, na pale mtetemo wake unapogongana na wa uzi, nota moja au mbili hufa mapema kuliko zingine. Hilo ni kweli, na hutokea hata kwenye magitaa ya bei ya shamba. Lakini kati ya mambo yanayobadilisha sauti utakayoisikia, aina ya mti wa mwili iko nyuma sana kwenye foleni. Mwenye kukuuzia mti wakati hajakuruhusu kuchomeka waya anakuuzia hewa.

Walio mbele ya foleni ni hawa. Kwanza, mahali pikapu ilipo. Ile iliyo karibu na shingo inachukua uzi mahali unapocheza kwa upana, kwa hiyo sauti ni nene na laini. Ile ya karibu na daraja, ambapo uzi umebanwa, inatoa sauti kali inayokata. Gitaa moja, nyuzi zile zile, na ukigeuza swichi umepata sauti mbili ambazo mtu angedhani ni za magitaa mawili.

Pili, aina ya pikapu. Ya koili moja ina sauti safi, ya kung'aa, ile ambayo solo ya benga inaipenda kwa sababu kila nota inasikika peke yake hata mpigaji akikimbia. Ubaya wake ni kwamba inanasa pia mngurumo wa umeme wetu wa hezi 50, na kanisani penye taa na waya kila mahali utasikia "mmmm" wakati wa maombi ya kimya. Ya koili mbili, ambayo Seth Lover aliibuni kwa Gibson mnamo 1955, imepangwa ili mngurumo wa koili moja ufute wa nyingine. Inatulia, ina nguvu, lakini hupoteza ule mng'ao kidogo. Hakuna iliyo bora. Kuna inayofaa kazi yako.

Tatu, amplifaya na spika. Hapa ndipo ningemshika kiongozi wa kwaya mkono na kumpeleka nyuma ya mixer. Gitaa la kijana limechomekwa moja kwa moja kwenye mixer, kwenye tundu lililotengenezewa maikrofoni. Tundu hilo linaibebesha pikapu mzigo ambayo haikuundwa kuubeba, na sauti inafifia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Kisha, ukiongeza makali, inalia kama nyuki ndani ya mkebe, kwa sababu spika ya kawaida ya gitaa hukata zile sauti za juu kabisa, ilhali spika za kanisa huzipitisha zote. Gitaa la shilingi laki tatu likichomekwa hivyo litalia vivyo hivyo. Tiba ni amplifaya ndogo na maikrofoni mbele yake, au kwa uchache kile kisanduku mafundi wa sauti hukiita DI. Basi aibu ya madhabahu haikuwa mikononi mwa mtoto. Ilikuwa kwenye waya wa kanisa.

Nne, mkono. Na mkono unaletwa na starehe, yaani namna gitaa linavyokaa mwilini mwako. Magitaa mengi ya mtindo wa Fender yana urefu wa uzi wa milimita 648, na ya mtindo wa Gibson kama milimita 628. Sentimita 2 tu, lakini kwa nyuzi zile zile na tuni ile ile, refu linakaza zaidi chini ya vidole, fupi linalegea. Mwenye vidole vifupi atajua tofauti kabla hajamaliza wimbo wa kwanza. Unene wa shingo, urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti, unene wa nyuzi zenyewe: hivi ndivyo vinavyoamua kama utafanya mazoezi saa mbili au dakika kumi. Na hakuna sauti nzuri inayotoka kwa mtu wa dakika kumi.

Sisi wenyewe tulilijua hili zamani. Fundi Konde, mtu wa Pwani, huhesabiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme Afrika Mashariki. Wapigaji wa benga walichukua mwendo wa nyatiti, ala ya nyuzi 8, wakauhamishia kwenye gitaa la kiwandani. Sauti ya D.O. Misiani na Shirati Jazz haikutoka kwenye mti uliokatwa ng'ambo; ilitoka kwenye vidole vilivyokua vikisikia nyatiti. Hakuna anayecheza benga arusini kisha akasimama kuuliza mwili wa gitaa ni mbao gani.

Kwa hiyo ukienda kununua, fanya hivi, na muuzaji akikataa, toka. Keti, lipakate gitaa dakika 10 bila kuchomeka. Bega na mkono vitakuambia ukweli. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie katikati: nafasi iwe nyembamba kama karatasi mbili tatu. Ikiwa pana sana, shingo imepinda. Uliza kama kile chuma kilichofichwa ndani yake bado kinakazika. Piga kila nota kwenye kila freti ukisikiliza mkwaruzo. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikie ile sauti ya kengele, kisha ukandamize hapo hapo. Zisipolingana, daraja linahitaji kurekebishwa. Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo. Gitaa lililotoka unyevu wa Mombasa likakaa Nairobi, mbao hukauka na kunywea, na ncha za freti zinachomoza kukuchoma. Fundi hutatua kwa tupa. Mwisho, lichomeke, kwenye amplifaya inayofanana na utakayotumia, uzungushe kila kitasa.

Jina nalo? Lina thamani yake. Linasaidia siku ya kuuza, na viwanda vikubwa mara nyingi humaliza freti vizuri na kuweka vigingi vinavyoshika tuni. Lakini hayo unayapima kwa mkono. Hayasomwi kichwani.

Nilimwambia dada yangu asilipe mtu yeyote hadi nifike. Jumamosi nikaenda na bisibisi zangu. Gitaa la "toy" lilikuwa na nyuzi zenye kutu na kitasa cha sauti kilichokufa, na nyuzi zilikuwa juu sana hadi nikajiuliza kijana amewezaje kulipiga. Shingo ilikuwa nzima. Nyuzi mpya, kitasa kipya, marekebisho ya alasiri moja: hatukufika shilingi 3,000. Tukanunua amplifaya ndogo iliyotumika kwa 12,000. Pesa zilizobaki zimerudi chama, ingawa riba ya wiki mbili dada yangu ameilipa, na hakuna atakayemrudishia.

Kiongozi wa kwaya alilisikia gitaa Jumapili iliyofuata. Akasema limekuwa sawa, lakini bado akaniuliza kama familia haina mpango wa kununua lenye jina. Mpwa wangu alikuwa amesimama hapo. Akaniangalia, akasema, "Mjomba, twende tukapige." Tukaenda.

Kwenu viongozi wa kwaya, wenye bendi, walimu wa muziki: kabla ya kumwaibisha mtoto kwa sababu ya gitaa lake, fuateni waya wenu hadi mwisho. Halafu mwambieni apige, nanyi mfumbe macho.